Ua Ndani ya Ua: Usiku Mmoja Lamu

  

Mgeni apitaye katika vichochoro vya Lamu kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mji huu hauna bustani. Kulia ukuta, kushoto ukuta, na katikati punda aliyebebeshwa mifuko ya saruji akidai haki yake ya njia. Ukiinua macho waona mbingu nyembamba kama utepe. Hakuna mwaridi unaochungulia barabarani wala mti wa maua uliopandwa mbele ya mlango ili majirani wausifu. Lakini ukisimama kidogo baada ya alasiri, upepo wa bahari ukipenya baina ya nyumba, utasikia harufu ya asumini na hutaona inakotoka. Bustani zipo. Zimewekwa ndani, pamoja na vitu vingine ambavyo wenyewe huvithamini.

Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo mawili. Ua ni kile kinachochanua, na wingi wake ni maua. Ua vilevile ni uwanja uliozungushiwa kizuizi, nyuma ya nyumba au ndani yake, na wingi wake ni nyua. Waamu huuita uwanja wao wa ndani kiwanda. Makala haya yanahusu ua moja lililochanua ndani ya ua mmoja, na shauri lililozuka katika jamaa juu ya kulipiga picha. Shauri lenyewe lilikuwa la usiku mmoja, lakini linazigusa nyumba zetu zote katika zama hizi ambapo kila mkono umeshika simu na kila simu ina jicho.

Nilitoka Mombasa alfajiri kwa basi. Tulipita Kilifi na Malindi, tukavuka Mto Tana karibu na Garsen, tukaendelea Witu na Hindi, na alasiri tukafika Mokowe ambako barabara huishia. Kutoka hapo ni boti. Maji yalikuwa yametulia, masika yamepungua lakini hayajaisha, na mikoko ya pande zote mbili ilikuwa imeoshwa na mvua. Muda si muda mji ukajitokeza, nyumba zake zikitazama bahari kama wazee waliokaa barazani. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001. Ni mji ambao wenyewe hawakuuhama. Nyumba zake za mawe bado zina watu ndani, watu wanaopika, wanaosali, wanaozaa na wanaozika.

Nilikuwa nakwenda kumzuru shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ambaye nyumba yake iko upande wa Mkomani. Ili msomaji afahamu yaliyotokea, hana budi kwanza kuifahamu nyumba.

Nyumba ya Kiamu huanza kujisitiri mlangoni. Kwanza kuna daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mwanamume mgeni huketi na kuzungumza bila kuingia ndani. Kisha mlango wa mbao. Kisha tekani, ukumbi mdogo wenye kona, ili mlango ukiwa wazi mpita njia asione ila ukuta. Ukipita tekani ndipo unatokea kiwandani, mahali pasipo paa, penye birika la maji na mwanga wa mbingu. Kutoka kiwanda waingia msana, kisha msana wa pili, na mwisho chumba cha ndani chenye zidaka ukutani. Vyumba hivi ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu upana wake haukuweza kuzidi urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Na juu ya kichochoro, baadhi ya nyumba zina wikio, chumba kilichojengwa kama daraja baina ya nyumba mbili. Kupitia wikio wanawake waliweza kwenda kwa jirani, wakapeleka sahani ya chakula au wakamtazama mgonjwa, bila kukanyaga njia.

Aya ya 27 ya Suratun-Nur inawaelekeza waumini wasiingie nyumba zisizokuwa zao mpaka waombe idhini na kuwasalimia wenyewe. Ukizitazama nyumba za Lamu utaona kwamba adabu hiyo ilichukuliwa na kujengwa kwa mawe na chokaa. Daka linasema ngoja. Tekani inasema bado. Kiwanda kinasema karibu, kwa yule aliyeruhusiwa tu.

Nilipiga hodi, nikangoja, nikaitwa.

"Ndoo, mwanangu, ndoo uketi," shangazi akasema. "Umekuja siku yake. Leo usiku lafunua."

Kiwanda cha shangazi si kikubwa. Mtu mzima hukivuka kwa hatua saba. Lakini amekijaza. Asumini umetambaa ukutani. Mrehani umepandwa katika madebe, kwa ajili ya vikuba ambavyo wanawake huvitia nyweleni na kifuani siku za furaha. Kuna mhina, mchaichai, mshubiri na mpilipili mmoja mkaidi usiokoma kuzaa. Kando ya birika, ndani ya mtungi mkubwa ulioatuka mdomo, kuna mmea ambao mgeni angeupita bila kuutazama mara mbili. Unaonekana kama fungu la majani marefu, mabapa, yenye kingo za mawimbi, yaliyoegemea ukuta kwa uvivu.

Katika vitabu vya mimea huitwa Epiphyllum oxypetalum, na watu wengi huuita malkia wa usiku. Asili yake ni misitu ya Meksiko na Guatemala, ambako hukaa juu ya matawi ya miti mikubwa bila kuinyonya miti hiyo. Ni wa jamii ya dungusi, ingawa mashina yake yaliyokomaa hayana miiba. Yale yanayodhaniwa kuwa majani si majani, ni mashina yaliyobapa, na tumba la ua hutoka katika kipengee cha ukingo wake, mahali ambapo mtu hatarajii kitu. Ua lake huchanua usiku mmoja. Hufunguka baada ya jua kutua, hutimia karibu na usiku wa manane, na alfajiri huwa limekwisha lala. Urefu wake, pamoja na shingo yake, huweza kufikia sentimita 30, na upana wake sentimita 17. Ni jeupe na lina harufu kali kwa sababu nondo wakubwa wa usiku ndio wanaolihudumia, nao huhitaji weupe na harufu ili kulipata gizani.

Mmea huu umezunguka dunia kwa njia ya majirani kukatiana vipande. India, Sri Lanka, Uchina na Indonesia kuna nyumba ambazo hualika watu kuja kukesha wakilingoja ua hilo. Kipande cha nyumba hii kililetwa kutoka Mombasa na binti mkubwa wa shangazi, kimefungwa katika gazeti, mwaka aliokuwa akijiandaa kuolewa. Alikipanda mwenyewe katika mtungi ule. Kisha akaolewa, akasafiri na mumewe kwenda Muscat. Mmea uliootoka kwa kipande huweza kukaa miaka kabla ya kuchanua, na ulipoanza kuchanua, kila likizo ya binti yule iliangukia wakati mmea umelala. Mwaka huu hakuweza kuja kabisa. Ni mjamzito, miezi yake imesogea, na daktari amemzuia kupanda ndege. Ua alilolipanda kwa mkono wake hajapata kuliona. Alikuwa ameomba jambo moja tu: picha yake, ya kuhifadhi.

Jambo jepesi, msomaji atasema. Lakini katika nyumba ile halikuwa jepesi.

Miaka miwili kabla, usiku wa ua kama ule, mgeni mmoja wa kike alilipiga picha kwa furaha yake na kuituma katika kundi la harusi la simu. Nia yake ilikuwa njema. Ila nyuma ya ua kulikuwa na msana, katika msana taa ilikuwa ikiwaka, na mkaza mwana wa shangazi alikuwa ameketi pale anachana nywele zake, amevaa kama mwanamke anavyovaa nyumbani kwake wakati wa kulala. Picha ikafika kwa mamia ya watu kabla yeye mwenyewe hajajua kwamba amepigwa. Wengi hawakuona ila ua. Baadhi waliona, na mmoja akaandika neno la mzaha. Ile harusi hakwenda. Na tangu siku ile shangazi alipiga marufuku simu yoyote kufunguliwa jicho lake kiwandani baada ya magharibi, iwe kwa picha au kwa mazungumzo ya kuonana.

Nawaomba wasomaji walipime jambo hili kwa mizani ya dini yetu. Aya ya 58 ya sura ileile ya An-Nur imezitaja nyakati tatu za faragha, ambazo hata watoto wa nyumbani wasiobaleghe hufundishwa kuomba idhini: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya sala ya isha. Ua hili huchanua katika wakati wa tatu. Yaani linawaita watu kuja kutazama katika saa ambayo nyumba imepewa haki ya kutotazamwa. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu mmoja alichungulia katika tundu la nyumba ya Mtume (s.a.w.), naye Mtume akamkemea na kumfahamisha kwamba kuomba idhini kumewekwa kwa sababu ya macho. Basi aliyepigiwa hodi akafungua ameruhusu macho ya mgeni mmoja. Hajaruhusu macho ya kila mtu ambaye mgeni huyo anamjua.

Baada ya chakula shangazi aliniuliza mbele ya jamaa. "Wewe umesoma. Nambie, ni haramu?"

Nikamjibu kwamba wanavyuoni wamesema mengi juu ya picha za vyenye roho, lakini ua halina roho, na wengi wao hawakuona tabu katika kuchora miti na maua. Nikamtajia kwamba Ibn Abbas (r.a.) alijiwa na mtu aliyekuwa akijipatia riziki kwa kutengeneza sanamu na picha, akamwelekeza kwamba kama hana budi basi atengeneze miti na visivyo na roho.

Shangazi akanisikiliza mpaka mwisho, kama ilivyo adabu yake. Kisha akasema, "Hayo nimeyafahamu. Lakini sikukuuliza habari ya ua, mwanangu. Nimekuuliza habari ya lililo nyuma yake."

Sikuwa na la kuongeza. Akamgeukia mkaza mwana wake, aliyekuwa ameketi upande wa msana amejitanda mtandio. "Aliyeumia ni wewe. Mimi sitatoa ruhusa juu ya jambo lako, na sheikh hatatoa. Sema."

Yule bibi alinyamaza kidogo. "Wifi yangu anastahiki kuliona ua lake," akasema. "Ninachotaka ni kimoja: picha isinitangulie kwa watu mara ya pili."

Hapo ndipo mjukuu wa shangazi, msichana wa miaka 15, alipoinuka. "Bibi, nipe lile buibui lako la zamani."

Tulidhani anataka kulivaa. Akalichukua, buibui jeusi la kamba la mtindo ambao wasichana wa leo hawauvai tena, akalitandaza juu ya kamba ya nguo, nyuma ya mtungi, baina ya ua na msana. Likashuka mpaka chini. Ukisimama mbele ya mmea hukuona mlango wala taa. Hukuona nguo zilizoanikwa wala kiumbe. Ulikuwa ukiona tumba jeupe likiwa mbele ya weusi mtupu.

Shangazi akasimama pale ambapo simu ingewekwa, akainama, akatazama kulia na kushoto. Akavuta pindo la buibui kidogo, akatazama tena. Kisha akatoa hukumu yake, na wote tukacheka kwa kuwa ilikuwa hukumu na fumbo kwa pamoja: "Haya. Ua lionekane, ua usionekane."

Nililitazama tumba lile tangu alasiri. Shingo yake, ambayo siku za mwanzo huning'inia chini, ilikuwa imepinda na kuinuka kama shingo ya bata. Lilikuwa limevimba, na ncha yake imeanza kulegea. Hiyo ndiyo dalili kwamba siku imefika. Baada ya magharibi vile vikanda vya nje, vyenye rangi ya wekundu uliofifia, vilianza kuachana. Tulipomaliza isha mdomo wake ulikuwa umefunguka kiasi cha kikombe cha kahawa. Saa tatu ilipogonga harufu ikatoka. Haikuja kidogo kidogo. Ilikuwa kama mtu amefungua sanduku. Ukikaza macho kwenye petali moja waweza kuiona ikitikisika, ikitulia, kisha ikitikisika tena. Sijapata kuona mmea mwingine ukisogea mbele ya macho ya mtu. Suratul-An'am, katika aya ya 99, inatuamrisha tuyatazame matunda yanapozaa na yanapoiva. Amri ile ni ya kutazama, na kutazama kunataka mtu aketi.

Karibu na saa nne majirani wa kike wakaanza kuja. Wengine walipitia mlangoni, wengine walipitia wikio kama walivyokuwa wakipita mama zao. Kiwanda kikawa chao. Nikachukua kikombe changu cha kahawa nikatoka nje dakani. Kwa hiyo nawaeleza wazi wasomaji: saa ile ua lilipotimia, mimi sikuwapo mbele yake. Nilikuwa nimeketi juu ya jiwe, nimeupa mgongo mlango.

Lakini harufu ilitoka. Ilipita kiwandani, ikapinda kona ya tekani, ikaja dakani, ikashuka mpaka njiani. Mzee mmoja aliyekuwa akirejea kutoka msikitini akasimama.

"Assalamu alaykum. Leo kwenu kuna harusi?"

"Wa alaykumus-salaam, ami. Hakuna harusi. Ni ua tu limefunua."

"Ua?" Akavuta pumzi. "Subhanallah." Akaketi upande wa pili wa daka, mikono juu ya mkongojo wake, na hatukusema mengi. Nikaikumbuka hadithi katika Sahih Muslim, kwamba mwenye kupewa rehani asiikatae, kwani ni nyepesi kubeba na harufu yake ni nzuri. Mzee yule hakuingia nyumbani kwa mtu, hakuona lisilomhusu, na alipata fungu lake akaenda zake.

Baadaye yule msichana akaja mpaka mlangoni, amejisitiri, akaninyoshea simu. Kabla ya hapo, aliniambia, picha ilikuwa imepita mikononi mwa mama yake na bibi yake, wakaikuza na kuikagua pembe zote nne. Nikaitazama. Ua lilikuwa limefunguka lote, petali zimepangwa safu juu ya safu, nyeupe lakini si nyeupe ya ukuta. Ni nyeupe ya maziwa, inayopitisha mwanga kwenye kingo. Ndani yake nyuzi nyembamba zenye chavua zilikuwa zimeinama kama watu wanaonyanyuka kwenye rukuu, na katikati kinyota kidogo. Nyuma yake palikuwa na giza tupu. Hakuna ambaye angejua kwamba giza lile ni buibui la mwanamke mzee wa Mkomani.

Nimemwomba msichana huyo anieleze alivyofanya, ili wasomaji wetu wenye maua nyumbani wapate faida. Kwanza, hakutumia mwanga wa ghafla wa simu yenyewe, kwani hulichoma jeupe likawa kama karatasi isiyo na mistari. Alichukua tochi, akaifunika kitambaa cheupe, na dada yake mdogo akaishika upande mmoja wa ua, chini kidogo, ili kila petali ipate kivuli chake. Pili, hakuishika simu mkononi. Usiku simu huhitaji muda zaidi kukusanya mwanga, na mkono ukitikisika picha huvurugika; kwa hiyo aliisimamisha juu ya kinu kilichopinduliwa, akaiegemeza kwa kitabu, na akaiamuru ijipige yenyewe baada ya sekunde chache. Tatu, aligusa kioo mahali ua lilipo, kisha akapunguza mwanga kidogo mpaka mistari ya petali ikaonekana. Nne, alipiga moja kila nusu saa tangu isha, ili wifi wa mama yake alione likifunguka hatua kwa hatua.

Na tano, jambo ambalo wengi wetu hatulijui: simu nyingi huweza kuandika ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa. Alikuwa amekwisha kuzima uandishi huo katika mipangilio ya kamera. Mtoto wa miaka 15 alilijua hilo, na nadhani ni wajibu wetu wazazi kulijua pia.

Utaona kwamba buibui lilifanya kazi mbili. Mpiga picha yeyote atakwambia kwamba ua jeupe hutaka nyuma yake pawe na giza, bila ya vitu vinavyogombania macho. Basi pazia lilelile lililowekwa kwa ajili ya sitara ndilo lililoifanya picha iwe nzuri. Kuna vijana wanaodhani kwamba stara hupunguza uzuri wa kitu. Mimi ningewaonyesha picha ile kama ningeruhusiwa. Sikuomba ruhusa, na ndiyo maana haipo katika ukurasa huu. Ilipigwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Picha zilitumwa Muscat karibu na saa sita za usiku. Kule ni saa moja mbele yetu. Binti alikuwa macho anangoja. Kwanza kulikuwa kimya. Kisha ikaja sauti yake, na mama yake akaisikiliza peke yake kabla ya kutusikilizisha sisi wengine siku ya pili. Alikuwa amelia kidogo. Alisema hakujua kwamba lingekuwa kubwa hivi. Kisha akauliza swali ambalo picha haiwezi kulijibu: "Mama, linanukiaje?"

Shangazi alifikiri sana kabla ya kujibu. Kisha akabonyeza simu kwa kidole kilichonyooka, kama wafanyavyo wazee, akasema: "Kama asumini, mwanangu, asumini iliyokuwa imefungwa sandukuni pamoja na nguo za harusi yako. Ukijifungua salama utakuja uinuse mwenyewe."

Nililala nyumbani humo, na baada ya sala ya alfajiri nilirudi kiwandani. Ua lilikuwa limefumba na kuning'inia kama kitambaa kilichorowa. Buibui lilikuwa limeshushwa, limekunjwa. Chini ya mtungi siafu walikuwa wameanza kupita. Mkaza mwana wa shangazi alikuwa akifagia, naye alinisalimia, akaniambia kwamba yeye ndiye aliyeichagua ile picha ya mwisho iliyotumwa kwa wifi yake. Sikumwuliza zaidi. Yule aliyekuwa ameumizwa na picha ndiye aliyepewa kuichagua picha, na nilielewa kwamba marufuku ya miaka miwili ilikuwa imekwisha bila ya mtu kuitangaza.

Mama zetu na dada zetu, hatuwezi kuzirudisha simu zilikotoka, wala sioni kwamba tunalazimika. Zinatuletea sauti za watoto wetu walio mbali na nyuso za wajukuu ambao hatujawabeba. Lakini tuzipe adabu tunazowapa wageni. Mgeni huomba idhini, na idhini hutolewa na kila ambaye ataonekana, si na mwenye simu peke yake. Kabla ya kupiga, tazama nyuma ya kile unachokipiga: kioo, dirisha, mlango ulio wazi, kamba ya nguo. Kabla ya kutuma, mwonyeshe aliye karibu nawe akague, kwani macho mawili husahau. Ukiletewa picha ya nyumba ya mtu, usiipitishe mbele. Uliruhusiwa kuiona, hukuruhusiwa kuitembeza. Na ukiona katika picha ya mwenzio jambo ambalo hakulikusudia, mwambie kwa siri aifute, wala usiandike mzaha. Mwenye kumsitiri Mwislamu, Mwenyezi Mungu humsitiri duniani na akhera, hilo Mtume wetu (s.a.w.) ametuahidi.

Siku niliyoondoka shangazi alikata shina moja la mmea wake, akalifunga katika gazeti. Akaniagiza: nisilipande siku hiyohiyo, bali niliache kivulini siku chache mpaka kidonda chake kikauke, lisije likaoza. Kisha nilitie katika udongo mwepesi usiotuamisha maji, mahali penye mwanga lakini pasipo jua kali la mchana. Nisilimwagilie kupita kiasi. Na nisiwe na haraka nalo.

Limo katika chungu nyumbani kwangu Mombasa, limeshika mizizi. Mke wangu amekwisha chagua ukuta wa kuliegemeza, ule usiotazamana na dirisha la mtu.

Ewe Mola wetu, zisitiri nyumba zetu na aibu zetu, wajaalie salama wajawazito wetu walio karibu na walio mbali, na uyafanye macho yetu yawe ya kuzingatia uliyoyaumba. Amin.

Wabillahi tawfiq.